Rekodi za Njia ya Mlimani: Kutoka Bahari ya Ngomeni hadi Mteremko wa Salgaa

Dereva aliyetoka Mombasa na mzigo wa Kampala, Kigali au Bunia akifika Salgaa, mji wa kando ya barabara baada ya Nakuru, anakuwa amepita kando ya sehemu kubwa ya rekodi za uhandisi ambazo Afrika Mashariki inajivunia, na moja au mbili inazozililia. Anaegesha trela, anazunguka akigonga tairi kwa chuma kusikiliza kama kuna iliyopungua upepo, anaagiza chapati na nyama, halafu anaukabili mlima wa Mau. Nyuma yake kuna kilomita zaidi ya 600 za historia.

Hapa nimekusanya zile ninazoziamini. Nimeziacha nyingi, maana eneo letu limejaa sifa za "ya kwanza Afrika" zinazorudiwa bila mtu kuuliza: ya kwanza kwa kipimo gani, na mwaka gani? Rekodi isiyotaja masharti yake ni majigambo tu.

Mpaka uliohama ukaiacha Uganda nyuma

Kabla ya lami na kabla ya reli, walioijua njia ya kupanda Bonde la Ufa walikuwa watu wa pwani. Vitabu vinamsifu Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza, kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuvuka nchi ya Wamaasai kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, mwaka 1883. Sifa hiyo ni ya kweli kwa kadiri inavyosema "Mzungu". Sehemu ngumu ya safari hiyo aliivuka akiandamana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, ambaye kwake njia hiyo ilikuwa kazi ya kila msimu. Miaka michache baadaye, mwaka 1887, Kimemeta huyo huyo aliajiriwa na Teleki, mwungwana wa Hungaria, katika safari iliyofika Ziwa Turkana mwaka 1888. Wazungu wawili, rekodi mbili, kiongozi mmoja.

Misafara hiyo ilitembea kwa miguu ya wapagazi, kila mmoja akibeba kama frasila mbili kichwani au begani. Kituo chao kikuu cha chakula upande huu kilikuwa kusini mwa Ziwa Baringo, ambako Wailchamus walilima nafaka kwa mifereji na kuwauzia wapita njia. Ukitaka kujua asili ya Salgaa, anzia hapo. Mji wa kando ya njia unaolisha wasafiri kabla ya mlima si jambo la karne hii. Kilichobadilika ni kilichobebwa na kinachobeba.

Na kuna jambo linalowashangaza hata wenyeji wa Nakuru: hadi mwaka 1902 ardhi hii haikuwa Kenya kwa hesabu ya wakoloni. Naivasha, Nakuru na Eldama Ravine zilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda, na jimbo hilo likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili mwaka huo, baada ya reli kukamilika. Sijui mpaka mwingine katika eneo letu uliohama mbali kiasi hicho kwa kalamu moja, lakini sitauita rekodi.

Juu kuliko zote

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu, wakati huo Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Ni takriban kilomita 930 katika miaka mitano na nusu. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo ndio wanaokumbukwa, ila simba waliua sehemu ndogo sana ya hao. Wengi waliuawa na magonjwa na ajali, na hao hawana jumba la makumbusho.

Wahandisi wengi waliona Mau kuwa sehemu iliyowachosha kuliko zote. Baada ya kufika kilele cha Mau Summit, mita 2,537 juu ya usawa wa bahari, reli ililazimika kuteremka kuelekea ziwa kupitia mabonde yaliyokatana. Yakahitajika madaraja makubwa 27 ya chuma, na kazi ikapewa kampuni ya American Bridge ya Marekani. Kabla ya hapo, kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, hawakungoja njia ya kudumu ikamilike. Waliyashusha mabehewa ukingoni kwa kamba nene za chuma, ujenzi usisimame huku chini.

Reli ya Eldoret, inayopita Rongai, jirani kabisa na Salgaa, ilijengwa miaka ya 1920 na ndiyo iliyoweka rekodi ya kimo. Kilele chake karibu na Timboroa kiko mita 2,785. Kituo cha Timboroa kilijulikana kama kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote katika Dola ya Uingereza, na baadaye katika Jumuiya ya Madola. Duniani kote hakikaribii: reli ya China kwenda Tibet, iliyofunguliwa mwaka 2006, inapita mita 5,072. Sharti la "katika Jumuiya ya Madola" ndilo linaloibeba rekodi ya Timboroa, na linastahili kutajwa kila mara.

Rekodi isiyohitaji sharti la dola wala jumuiya ni ya vichwa vya treni. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilituletea injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizopewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Hakuna injini ya mvuke iliyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani, iliyokuwa nzito au yenye nguvu kuzishinda. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Ile iitwayo Mount Gelai iko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukasimame kando ya magurudumu yake, uone fimbo za chuma zinazoyaunganisha zilivyo nene. Picha haziwezi kukuonyesha hilo.

Rekodi ambayo hatutaki ivunjwe

Sasa Salgaa yenyewe. Wakenya wengi wanalijua jina hili kupitia taarifa za habari, na si kwa heri. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, jirani na Salgaa, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 110 walikufa. Tarehe 31 Desemba 2017, karibu na hapo, basi na lori yaligongana uso kwa uso na watu 36 wakapoteza maisha. Ni baada ya ajali ya pili ndipo ukuta wa zege wa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka ulipojengwa kwa haraka.

Nataka kukaa kidogo kwenye sababu, kwa kuwa husemwa kwa neno moja, "uzembe", na neno hilo halimfundishi mtu chochote. Tuseme trela na mzigo wake vina uzito wa tani 50. Kwa kila mita 100 za kimo vinazoshuka, zinaachiliwa karibu megajuli 49 za nishati. Kwa lugha ya bili ya stima, hizo ni zaidi ya uniti 13, zinazotosha kuwasha balbu ya wati 10 usiku na mchana kwa karibu miezi miwili. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akishuka kwa gia ndogo, injini inaimeza sehemu kubwa. Akiweka nyutro ili aokoe dizeli, yote inaangukia breki. Breki zinapata moto, zinaanza kuteleza, na dereva anakanyaga pedeli isiyomjibu. Harufu ile ya breki zilizoungua, inayosikika hadi kwenye vibanda vya kuuzia mahindi, ni hizo megajuli zinazotoka.

Dizeli inayookolewa kwa nyutro aghalabu huuzwa kando ya barabara, kwa sababu mshahara hautoshi. Kwa hiyo ukuta wa zege umesaidia, na ninaushukuru, lakini hesabu ya mteremko haijabadilika, na wala mshahara.

Mwanamke wa Njoro

Kutoka Salgaa ukirudi Nakuru kisha ukashika njia ya Mau Narok, unapita Njoro. Hapo, kwenye shamba la baba yake lililokuwa na kinu cha unga na cha mbao, alikulia Beryl Markham. Alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupewa leseni ya kufunza farasi wa mashindano. Baadaye akajifunza urubani na kusafirisha barua, abiria na wawindaji kwa ndege ndogo, katika nchi ambayo viwanja vyake vingi vya ndege vilikuwa malisho.

Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika ndege ya Percival Vega Gull, akilenga New York. Baada ya zaidi ya saa 20 hewani injini ilikosa mafuta, kwa kuwa matundu ya kupitishia hewa ya tangi yaliziba kwa barafu, na akaangukia kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, nchini Kanada. Pua ya ndege ilizama matopeni, yeye akatoka na jeraha la paji la uso.

Rekodi yake inapaswa kusemwa kwa usahihi, na ikisemwa hivyo inang'aa zaidi. Amelia Earhart alikwishavuka Atlantiki peke yake mwaka 1932, kutoka magharibi kwenda mashariki, akisukumwa na upepo. Markham aliuelekea upepo. Ni mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake, bila kutua, kutoka Uingereza kwenda magharibi. New York hakufika siku hiyo, lakini rekodi haikuwa ya New York.

Tukiwa bado angani: ndege wa asili anayeshikilia rekodi ya kuruka juu kuliko wote duniani ni tai mzoga wa Rüppell. Mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, katika kimo cha mita 11,278. Jamaa zake huweka viota kwenye majabali ya Hell's Gate, Naivasha, juu kabisa ya mabomba ya mvuke ya kituo cha umeme cha Olkaria, na nyaya za umeme ni miongoni mwa hatari zinazowakabili.

Ngomeni, Desemba 1970

Nikiambiwa nichague rekodi moja tu kutoka pwani hadi Mau, nitachagua hii bila kusita. Inanisikitisha kwamba mtoto anaweza kumaliza shule Kenya bila kuisikia.

Malindi ilikuwa mlango wa mbali tangu zamani. Mwaka 1415 wajumbe wake walifika China na twiga kwa ajili ya mfalme, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipata hapo rubani wa kumvusha hadi India. Miaka ya 1960 Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walitafuta mahali pa kurushia roketi, wakachagua bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Sababu ilikuwa ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama karibu na ikweta anakwenda mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Aliye Florida, ambako Wamarekani hurushia roketi zao, anakwenda kama kilomita 1,470. Roketi iliyorushwa Ngomeni kuelekea mashariki inaipata tofauti hiyo bure. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, hakuna kijiji cha kuangukiwa na vipande.

Wakasimamisha majukwaa mawili juu ya nguzo za chuma baharini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea, yakiunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji. Tarehe 26 Aprili 1967 ikaruka San Marco 2, satelaiti ya kwanza katika historia kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Hadi mwaka 1988 satelaiti tisa zilipanda kutoka hapo.

Kubwa kuliko zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend wa NASA, mhandisi wa umeme, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Siku ya kurusha iliangukia Jamhuri Dei, miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru. Townsend akaipa satelaiti jina la Uhuru.

Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kutazama eksirei zinazotoka angani. Miale hiyo haifiki ardhini, kwa kuwa hewa inaizuia. Kabla yake, wanasayansi walirusha roketi ndogo zilizochungulia kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilikuwa na uzito usiozidi kilo 150, ikajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, ikikagua anga utepe baada ya utepe kwa zaidi ya miaka miwili. Mzingo wa ikweta uliisaidia tena: uliiepusha na eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mnururisho huzijaza ala kelele.

Katalogi yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilimeta na kufifia kwa kasi mno, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa nyota kubwa ilikuwa ikizunguka na kitu kizito kisichoonekana. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikikubali kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Binadamu alianza kuamini mashimo meusi kwa chombo kilichopaa mbele ya wavuvi wa Ngomeni.

Ninachokidai ni hiki: nafasi, bahari na ikweta vilikuwa vyetu, uhandisi ulikuwa wa wageni. Kimemeta aliongoza njia na Thomson akaandika kitabu. Ngomeni ilitoa bahari, na maarifa yakapakiwa kurudi Roma na Washington. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia, uliotiwa sahihi mwaka 2016, unazungumzia mafunzo na kushirikiana data. Ulikuja karibu nusu karne baada ya San Marco 2.

Umeme: mvuke na waya

Jengo la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash Zanzibar mwaka 1883, linatajwa kuwa la kwanza visiwani kuwa na taa za umeme. Mombasa na Nairobi zilianza kupata kampuni za umeme mwaka 1908, zikaunganishwa mwaka 1922. Hayo yanatosha kwa upande wa "ya kwanza".

Olkaria inahitaji marekebisho kidogo. Husemwa kuwa ndiyo iliyozalisha umeme wa mvuke wa ardhini kwa mara ya kwanza Afrika, mwaka 1981. Lakini Kiabukwa, huko Katanga, kulikuwa na mtambo mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Olkaria ni ya kwanza kwa ukubwa wa kulisha gridi ya taifa: ilianza na megawati 15, na leo mvuke unaipa Kenya uwezo wa zaidi ya megawati 900, mwingi kuliko nchi yoyote Afrika.

Katanga ina rekodi nyingine ambayo wasomaji wa Lubumbashi na Kolwezi wanaijua vyema. Waya wa umeme mkondo mnyoofu kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, ulipokamilika mwaka 1982 ulikuwa mrefu kuliko wowote wa aina yake duniani, na ukabaki hivyo hadi China ilipoupita mwaka 2010. Ulipita juu ya vijiji visivyo na balbu hata moja. Mkondo mnyoofu hauna njia rahisi ya kuchotewa katikati, kwani kila kituo cha kuubadilisha ni gharama kubwa. Ule wa kwetu, wa kilovolti 500 kutoka Wolayita Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, una kilomita 1,045 na unaweza kubeba megawati 2,000. Ulianza kufanya kazi mwaka 2022. Nao unapita juu ya manyatta mengi.

Wanaoshika spana

Kuna rekodi ndogo kwa vipimo ambazo mimi naziweka juu. Mwezi Mei 2018, kisanduku cha sentimita 10 kila upande kiitwacho 1KUNS-PF kiliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Kilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Sapienza cha Roma, chuo alichofundisha Broglio, na ndicho satelaiti ya kwanza ya Kenya. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na mazingira, ikirushwa kutoka California.

Na Olkaria, ambako visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950 vikatelekezwa, wachimbaji wa kampuni ya umeme ya KenGen sasa wanafukua hadi kilomita 3 chini, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300. Wamekwishaitwa kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Walikwenda huko na mitambo pamoja na wahandisi wao, wakalipwa kwa ujuzi.